Nani amehesabu sabuni yetu?



Katika namba iliyopita ya gazeti hili, dada mmoja wa humanite ya pili aliomba Bwana Prefe akataze parfe na sabuni zote zenye harufu katika dortwari, juu zinaleta magonjwa ya ngozi. Siku mbili kiisha, ndugu mmoja akamjibu kwa kalamu nyekundu kwenye ile karatasi iliyobandikwa mlangoni pa refektwari: "Mtu asiye na parfe njo anasema vile." Watu walicheka sana. Sisi wakapita tulicheka pia. Leo tunataka kuwajibu wote wawili, kwa maana kuko jambo ambalo hatujawaambia, na linatuhusu sisi wenyewe mbele ya mtu mwingine yeyote.

Mwezi wa kumi, mdogo wetu mmoja wa darasa la saba alianza kujikuna usiku. Shingo ilikuwa nyekundu, na chini ya makwapa ngozi ilipasuka. Wenzake walikuja kwetu mbiombio: "Kapita, ule mutoto iko na gale, asilale karibu na siye." Hatukuuliza neno. Tulichukua godoro lake tukaliweka karibu na mlango, fasi ambapo upepo unaingia, na tukamwambia asiguse besani ya wengine. Jioni tatu, moja baada ya nyingine, tulimpaka benzoati mwili mzima, kama wote tunavyojua, maana nani hapa hajapakwa benzoati? Alilia, tukasema dawa inafanya kazi. Siku ya nne ngozi ilikuwa mbaya kupita mbele.

Muganga wa kituo cha afya alimtazama vidole, akatazama viganja na tumbo, akasema hii si gale. Kisha akamwuliza swali ambalo sisi hatukuwaza kumwuliza: "Unajipaka nini?" Mtoto akataja chupa kubwa ya mafuta ya kujipaka ambayo shangazi yake alimpa aliposafiri kuja shuleni, na deodora ya kaka yake. Ile deodora alikuwa anajipaka asubuhi na jioni, makwapani na shingoni, juu alisikia sisi wakubwa tunasema kwamba wa darasa la saba wananuka. Muganga alisema aache yote mawili, aoge na sabuni ya mawese isiyo na harufu, basi. Baada ya majuma mawili ngozi ilipona.

Tulirudisha godoro lake kati ya wengine. Tulisema tunapanga vitanda upya. Haikuwa kweli. Yeye mwenyewe amekubali tuandike habari hii bila jina lake, na tunaomba ninyi mnaomjua msilitaje. Tulikosea juu yake.

Sasa turudi kwa dada yetu anayetaka kukataza vyote. Tulimwendea mwalimu wetu wa kimia tukamwuliza kama harufu ni sumu. Alitujibu kwa swali: chumvi ni sumu? Tukasema hapana. Akasema, kuleni nusu kilo basi. Kiisha akatufundisha jambo ambalo tunaona kila mwanafunzi anafaa kulijua. Watu wanaochunguza vitu vya harufu hawaanzi kwa kuuliza kama kitu ni kibaya ao kizuri. Wanauliza kiasi gani kinamfikia mtu, wapi katika mwili, mara ngapi kwa siku, na mtu huyo ana uzito gani.

Hesabu yenyewe si ngumu, mtu wa darasa la nane anaiweza. Chukua gramu za sabuni ao mafuta unayotumia kwa siku. Zidisha kwa sehemu ya parfe iliyomo ndani. Zidisha tena kwa sehemu inayobaki mwilini baada ya kusuuza. Kiisha gawanya kwa kilo zako. Hiyo sehemu inayobaki njo siri ya mambo yote, na hapo ndipo wengi wetu tunadanganyika, kwa sababu pua inatuambia kwamba kinachonuka sana njo kinachoingia sana.

Tazameni. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya, ile inayolinda wanunuzi, imeandika vipimo vya mtu mzima wa kwao. Sabuni ya kunawa mikono: gramu 20 kwa siku. Mafuta ya kujipaka mwili mzima: gramu 7.82. Ukiona hivyo unasema sabuni ndiyo nyingi. Lakini sabuni inakwenda na maji, wanahesabu kwamba asilimia 1 tu inabaki, maana yake gramu 0.2. Mafuta hayasuuzwi, yanabaki yote. Tuseme sabuni ina asilimia 1 ya parfe, na mafuta yana kidogo zaidi, asilimia 0.4. Sabuni inakuachia miligramu 2 za parfe. Mafuta yanakuachia miligramu 31. Ni zaidi ya mara 15, na yale mafuta pengine hayanuki hata nusu ya sabuni. Wakijumlisha kila kitu, kuanzia shampuu hata dawa ya meno, wanasema mtu mzima wa Ulaya anabaki na gramu 17.4 kwa siku, ndani ya mwili na juu yake. Ni kama vijiko vitatu vya chai na nusu.

Kuna jambo lingine tena. Ngozi inayokataa kitu haihesabu jumla ya mwili mzima. Inahesabu kiasi kilichoanguka fasi moja. Mafuta yale ya gramu 7.82 yanasambaa juu ya santimeta za mraba 15,670, kwa hiyo kila santimeta inapata nusu miligramu. Deodora ni gramu 1.5 tu, lakini inakaa katika makwapa mawili, santimeta za mraba 200, na kila santimeta inapata miligramu 7.5. Ni mara 15 tena. Njo maana ngozi ya yule mdogo wetu ilipasuka makwapani na shingoni, lakini miguu yake ilikuwa mizuri. Kama tungetazama sawasawa tungeliona hilo siku ya kwanza, maana gale inapenda kati ya vidole, na vidole vyake vilikuwa safi kabisa.

Ngozi ikiisha kujifunza kukataa kitu, haisahau. Mtu anaweza kujipaka miaka miwili bila shida, siku moja mwili unakataa, na kuanzia hapo hata kidogo kinatosha kumwasha. Ili kujua ni kitu gani hasa, waganga wa ngozi wanabandika vibandiko mgongoni, wanavitoa baada ya siku mbili, na wanatazama tena siku zinazofuata. Kimoja cha vibandiko hivyo kina mchanganyiko wa vitu 8 vya harufu. Hapa kituo chetu hakina vipimo hivyo. Kwa hiyo tunabaki na macho yetu na etiketi.

Basi tulisoma etiketi. Siku ya posho, baada ya kufua, tulikusanya chupa zote za dortwari ya pili juu ya meza moja. Nyingi zina neno moja tu, "parfum", na neno hilo moja linaweza kuficha vitu kumi ao mia. Wale wanaosoma Kutoka sura ya 30 wanajua kwamba mafuta ya upako yaliandikwa kwa kipimo: manemane shekeli 500, mdalasini 250, na mengine yake kila moja kwa uzito wake. Zamani zile walipima, na sisi leo tunanunua chupa bila kujua iliyomo! Ulaya waliweka sheria mwaka 2003: vitu 26 vya harufu ni lazima vitajwe kwa majina kama vinapita kiasi fulani, asilimia 0.001 katika vitu vinavyobaki mwilini, na asilimia 0.01 katika vile vinavyosuuzwa. Mwaka 2023 wakaongeza orodha ikapita vitu 80. Kwa sababu hiyo chupa zinazotengenezwa kwa soko lao zina mistari ya majina mwishoni, na baadhi zinafika hata kwetu.

Msifikiri majina hayo yote ni ya fabriki. Limoneni iko katika ganda la chungwa. Eujenoli iko katika karafuu. Sitrali iko katika yale majani ya mchaichai tunayochemsha asubuhi kwa chai, tena nyingi sana. Ndugu zetu wanaosema "mimi natumia vya asili tu, havina neno" wajue hilo. Limoneni na linalooli zikikaa katika hewa zinabadilika, na zikiisha kubadilika ndipo zinakuwa kali kwa ngozi. Chupa iliyokaa wazi dirishani tangu mwaka jana si sawa na ile uliyofungua jana.

Na tuliona jina moja lililotunyamazisha: benzoati ya benzili. Iko katika ile orodha ya vitu 26. Ilikuwa imeandikwa kwenye chupa ya mafuta ya yule mtoto, na ni ile ile dawa tuliyompaka jioni tatu. Hatusemi dawa ni mbaya. Kwa mtu mwenye gale kweli inaponya, muganga mwenyewe anaitoa. Lakini dawa ile inawasha hata ngozi nzima, na sisi tulimwaga juu ya ngozi iliyopasuka, bila kumwuliza mtu, juu sisi ni wakapita na tunajua yote.

Kwenye chupa mbili tulisoma pia butilifenili metilipropionali, ile inayoitwa Lilial. Ulaya waliikataza katika vitu vya kujipaka tangu tarehe 1 mwezi wa tatu 2022, kwa sababu katika wanyama wa majaribio ilionekana inaharibu nguvu za uzazi. Huku kwetu chupa ziko juu ya meza. Labda zilitengenezwa mbele ya tarehe ile, labda hapana. Hakuna mtu wa kumwuliza katika kiosko.

Hapa tunafika kwenye neno ambalo lilitufanya tuandike. Mwaka 2015 wataalamu walitoa hesabu kubwa ya harufu, iliyofanywa kwa mashini pamoja na kituo cha utafiti cha wenye viwanda vya manukato, kile kinachoitwa RIFM, kilichoanza mwaka 1966. Hesabu ile ni nzuri, tunaisifu. Hawakuchukua mtu anayetumia kila kitu kwa wingi, kwa sababu mtu anayejimwagia parfe si lazima awe yule anayeosha nywele mara mbili kwa siku. Walifuata watu wa kweli na madaftari yao ya wiki, kila mmoja na vitu vyake, asubuhi hata usiku. Kiisha wanawapanga wote, wa kidogo mbele na wa wingi nyuma, kama mstari wa refektwari, na katika kila 100 wanamtazama yule wa 95. Hawatazami wa katikati, maana ukimlinda wa katikati umeacha nusu ya mstari.

Watu hao walikuwa zaidi ya 36,000. Wote ni wa Ulaya na wa Marekani.

Basi tunauliza: nani amehesabu sabuni yetu? Yule wa Ulaya ana sabuni ya mikono, nyingine ya mwili, nyingine ya nywele, na mashini ya kufua. Sisi tuna kipande kimoja kwa yote. Yeye anafungua robine hata povu liishe. Sisi wakati wa kiangazi tuna besani moja kwa mtu, tunasuuza mara moja, na maji ya mwisho yana povu bado. Ile asilimia 1 inayobaki ni ya mtu mwenye maji. Kwetu tuseme ni asilimia 3. Na siku ya kufua mikono yetu iko ndani ya unga wa sabuni saa nzima, na kuko watu, tunawajua, wanaoogea unga ule ule wa nguo wakati kipande kimeisha. Hesabu yao ya mtu wa kilo 60 inatoa miligramu 130 za mafuta kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wetu wa kilo 30, akijipaka kiasi kile kile kama wakubwa walivyomfundisha, anapata miligramu 260.

Tulianza kujihesabu. Tuliomba balansi ya laboratwari siku saba. Wafinalisti watano tulipima kipande cha gramu 150 kwa kila mtu: kilikwisha baada ya siku 14, kuoga na nywele na kufua pamoja. Ni kama gramu 11 kwa siku. Maana yake tunatumia sabuni kidogo kupita mtu wa Ulaya anavyotumia kwa mikono peke yake! Hata ukizidisha kwa asilimia 3 yetu, sabuni bado haiko adui mkubwa. Tunamwambia dada yetu kwa heshima: ukikataza sabuni za harufu utakuwa umefukuza panya na kuacha chui ndani.

Lakini mafuta! Kati yetu watano, wa chini alitumia gramu 4 kwa siku, wa juu gramu 13. Yule wa juu ni mmoja wa wanaoandika makala hii, anaomba asitajwe. Mnajua sababu. Huku kwetu mtu akitoka na ngozi kavu wanasema hana mama. Tunajipaka toka paji la uso hata vidole vya miguu, kila siku, wadogo kwa wakubwa. Watano si shule, tunajua. Hatuwezi kumpata wa 95 katika watu watano.

Siku ya yenga asubuhi tulipima pia parfe ya kupuliza. Kubonyeza mara kumi ni gramu moja, karibu kabisa. Dortwari ya pili ina urefu wa meta 12, upana 6, kimo 3: meta za mraba-tatu 216. Vijana 30 wanajipuliza mara nne kila mmoja, dakika kumi mbele ya kengele ya ibada, madirisha yakiwa yamefungwa juu ya baridi. Hizo ni gramu 12. Tuseme sehemu ya kumi ni parfe, iliyobaki ni alkoli: miligramu 1,200 katika hewa, zaidi ya 5 kwa kila meta. Ni hesabu ya juu, tumesema kama vile hakuna hewa inayotoka. Lakini ninyi wenyewe mnajua wawili wanaokohoa kila yenga, na mnajua tunawaambia nini: "Toka inje."

Kwa ndugu wa kalamu nyekundu: hatuna wivu na parfe yako. Ipulize uwanjani, mbele ya nguo na si mbele ya mwenzako, kama unataka tukuheshimu. Mtu mzima mwenye ngozi nzuri anayejipuliza inje hatumkatazi.

Tuliyokubaliana sisi wakapita, na Bwana Prefe ameyasikia na hakukataa, ni haya. Hakuna kupuliza kitu chochote ndani ya dortwari, madirisha yafungwe ao yafunguliwe. Hakuna mkubwa kumpa mdogo wa darasa la saba ao la nane deodora yake, wala kumwambia ananuka; akihitaji kuoga tumpe maji, maana mara nyingi anakosa maji, hakosi parfe. Mtu akijikuna tunamwuliza kwanza anajipaka nini, anaacha siku chache, na benzoati itatoka mkononi mwa muganga, si mkononi mwetu. Tunaomba pia ekonoma anunue sabuni ya mawese isiyo na harufu ili mtu anayeihitaji aikute. Bei yake si kubwa, tumeuliza sokoni.

Na tunataka kuhesabu shule nzima, wiki moja, kama walivyohesabu wale wengine. Kila mtu ataandika asubuhi na jioni alichojipaka, mara ngapi, na jina lililo kwenye etiketi. Wasichana tunawaomba kwa namna ya pekee, juu hatukuweza kuingia upande wao na hesabu yetu yote hapa juu ni ya vijana tu, nayo ni kasoro kubwa. Mama Mkurugenzi wa internati ya wasichana amesema atasimamia daftari lao mwenyewe. Chupa zitapimwa siku ya kwanza asubuhi na tena siku ya kwanza inayofuata. Balansi haipimi zaidi ya gramu 500, kwa hiyo msilete yale madebe.

Daftari la vijana liko kwa kapita wa dortwari ya pili. Jina la kwanza lililoandikwa ndani, jana jioni, ni la yule mdogo wetu. Kwenye safu ya mafuta ameandika: "Hakuna." Kalamu mje nazo, ile ya daftari imeisha wino.